Kilichomuua Susu Kalondu

Swali lililonishinda hospitalini lilikuwa katika ukurasa wa pili wa fomu, na lilikuwa fupi: katika ukoo wenu, ni nani amewahi kuugua saratani? Jina, umri, kazi na namba ya kitambulisho cha ukaazi nilikuwa nimeshajaza. Hapo kalamu ikasimama. Mama yangu aligongwa na gari nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa hiyo yeye hakufikia umri wa kuugua chochote. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikufa kabla yake, nami nilijua kilichomuua kwa sababu kijiji kizima kilijua. Susu Kalondu aliuawa na dini. Alifunga mpaka akafa.

Nikaandika: "Hakuna."

Naanza na neno hilo kwa sababu huenda wewe unayesoma hapa una fomu kama ile mapajani sasa hivi. Kama huna hakika, usiandike hakuna. Andika sijui. Ukiandika sijui, daktari atauliza tena. Ukiandika hakuna, atafungua ukurasa unaofuata.

Naishi Maskati, Oman, mwaka wa tisa sasa. Nafanya kazi katika kiwanda cha dobi mtaa wa Ghala, tunafua mashuka ya mahoteli. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine kubwa ya pasi, mikono juu kutwa nzima. Baridi ilipoingia, ile baridi ya huku ya kuvaa sweta asubuhi tu, titi la kushoto likaanza kuvuta kila nikiinua mkono. Nikadhani ni kazi. Kila mwanamke kwenye ile mashine ana mahali panapomuuma. Aliyeona ni Atieno, msichana wa Kisumu ninayeishi naye chumba kimoja mtaa wa Hail. Nilikuwa najipaka mafuta.

"Wewe, hiyo ngozi imeingia ndani hivyo tangu lini?"

"Hata sijui."

"Hujui? Titi ni lako ama la jirani?"

Kesho yake alinisindikiza kliniki, na kutoka kliniki nikatumwa hospitali kubwa. Wiki tatu baadaye nilikuwa na jina la ugonjwa, kadi ya miadi, na ratiba ya dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu, kisha upasuaji. Sitaeleza dawa hizo hufanya nini mwilini. Wapo wanaojua kuliko mimi. Nitakwambia tu zilivyokuwa. Dripu ya kwanza huleta woga zaidi ya maumivu. Siku ya tatu mdomo huwa na ladha ya sarafu, na mtu akikaanga kitunguu chumba cha pili unatamani kuhama. Baada ya dripu ya pili nywele hazidondoki kidogo kidogo kama nilivyofikiri. Zinabaki kwenye mto, kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Atieno alinyoa zilizobaki, kisha akanipeleka soko la Matrah kununua mitandio. Muuzaji alitaka kuniuzia ya hariri. Chukua ya pamba. Hariri huteleza kwenye kichwa kisicho na nywele, na utashinda ukiishika.

Kabla ya dripu ya tatu, daktari wangu aliniita. Ni mama wa makamo, mpole, anayesoma kila karatasi mara mbili. Aliweka kidole kwenye neno langu.

"Umeandika hakuna. Uliuliza, au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Bibi yako alikufa na nini?"

"Alifunga chakula kwa ajili ya dini."

Alivua miwani. "Huo si ugonjwa," alisema. "Nataka ugonjwa."

Akanieleza taratibu, nami nakueleza vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tisa, umri mdogo kwa ugonjwa huu. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama saratani inatembea katika ukoo. Damu hupelekwa nje ya nchi, na hospitali haikubali kuipeleka bila historia ya jamaa walioumwa. Kama haimo katika ukoo, wangetoa titi moja tu. Kama imo, wangetoa yote mawili, na baadaye mifuko ya mayai ya uzazi, kwa maana nayo huwa hatarini. Sikuwa na mtoto. Sikuwa nimekata tamaa pia.

"Niletee jibu kabla ya dripu ya sita," alisema. "Baada ya hapo tunapanga upasuaji kwa tunachokijua."

Nilihesabu. Wiki tisa na siku chache.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mtu mmoja, Mjomba Kioko, mtoto wa kiume wa pekee wa susu. Ili uelewe kwa nini niliogopa kumpigia, itanibidi nikusimulie maisha ya mama yake.

Susu Kalondu alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya Kikamba, upande wa Makueni. Mumewe alifanya kazi ya reli, akafia huko, akamwachia mama yangu na Mjomba Kioko. Lakini mtoto wake wa kwanza hakuwa mama yangu. Alikuwa msichana aliyeishi siku mbili. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu, na aliyekufa bila jina hazungumzwi. Susu alinyamaza naye kwa miaka thelathini.

Kisha wakaja vijana wawili wa Kizungu, Wamormoni, wahubiri wa kanisa kutoka Marekani, wamevaa mashati meupe na tai katika jua la Makueni, kila mmoja ana kibandiko kifuani kinachosema kwamba yeye ni mzee. Kijiji kilicheka kwa wiki nzima. "Mzee gani huyu hana hata ndevu?" Susu hakucheka. Aliwapa vigoda, akawauliza swali moja: mtoto aliyekufa hana jina huenda wapi? Kwa Kiswahili chao cha kuokoteza walimwambia mtoto yule hana hatia, na kwamba atampata tena, kwa sababu kifo hakikati familia. Mama yangu alikuwapo. Alinisimulia kwamba susu alisema, "Wachungaji wawili waliniambia nisubiri siku ya mwisho. Hawa wameniambia nitamlea."

Akabatizwa katika bwawa la kunyweshea ng'ombe, mwanamke wa kwanza wa upande wetu kufanya hivyo. Dini hiyo hutaka mwili wote uzame. Mara ya kwanza kidole gumba cha mguu kilibaki juu ya maji, ikabidi azamishwe tena, huku wachungaji wa ng'ombe wakisubiri zamu yao na wanafunzi wakishangilia ukingoni. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Mjomba Kioko. Hakushangilia. Aliondoka.

Susu akaacha ugoro, kama dini hiyo inavyotaka, jambo ambalo watu walimsamehe. Akaacha na chai, na hilo hawakulisamehe. Nyumba ya Mkenya isiyo na chai ni nyumba gani? Wageni aliwapa maziwa ya moto na tangawizi. Wazee wa upande wa mke wa mjomba walipokuja kwa mazungumzo ya mahari walipewa hayo hayo, na hadi leo mjomba husema, "Wakwe zangu walinyweshwa kama ndama." Kila Jumapili alitembea saa mbili na nusu hadi stoo ya kinu cha unga, ambako watu sita waliimba nyimbo wasizozijua vizuri. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi walifunga, wakaacha milo miwili, na chakula cha milo hiyo wakampa mwenye shida.

Jambo lililowatisha watu zaidi lilikuwa daftari. Wamormoni hutafuta majina ya wazee wao waliotangulia, ili familia iunganishwe yote. Susu alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza vikongwe majina ya waliokufa. Watu walifunga milango. Mtu anayekusanya majina ya maiti anayataka ya nini? Yeye aliendelea, na mbele ya kila jina aliandika jinsi mtu huyo alivyokufa. Hakuna aliyemwagiza hilo. Alisema jina tupu haliwezi kumtambulisha mtu.

Mwaka wake wa mwisho nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami niliuona. Alianza kuacha chakula. Si Jumapili ya kwanza tu, bali Jumatano, Alhamisi, siku yoyote. Mjomba alimwekea ugali, akauliza, "Hata leo ni siku ya kufunga?" Susu akajibu, "Nimeshiba." Mimi ndiye niliyemalizia sahani zake, na nilifurahi. Alikonda uso na mikono, mpaka siku moja hakuamka. Kwenye mazishi mjomba aliwafukuza Wamormoni waliokuja, akalitia lile daftari katika sanduku la bati, akafunga kufuli. Tangu siku hiyo neno Mormoni halikutajwa nyumbani kwetu.

Huyo ndiye mtu niliyempigia Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, kichwa kikiwa hakina nywele.

"Mjomba, susu aliumwa nini?"

"Unajua alichoumwa."

"Daktari anataka kujua ugonjwa."

"Ugonjwa wake ulivaa tai na shati jeupe."

"Basi nifungulie daftari. Aliandika jinsi watu walivyokufa. Nitumie picha tu."

"Mwikali," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka, "niliapa sitayagusa makaratasi yaliyomuua mama yangu. Omba kitu kingine. Ukitaka nije huko nikuuguze, nitauza shamba nije. Hilo usiniombe."

Sikumlaumu. Alinipenda, na aliapa. Lakini ilibidi niende dripu ya tatu nikiwa bado na "hakuna" kwenye faili.

Chumba cha dripu kina viti kumi na viwili, na mnazoeana. Jirani yangu alikuwa Bi Zuwena, Mwomani aliyezaliwa Unguja, aliyekuja huku msichana na kustaafu wizarani. Siku ya kwanza alinisikia nikizungumza na Atieno.

"Wewe Mswahili wa wapi, mwanangu?"

"Kenya, Makueni."

"Makueni ndo wapi? Mie najua Mombasa tu. Haya, sogea, hapa kuna kahawa na tende. Hiyo dripu haitaki mtu mwenye tumbo tupu."

Harufu ya kahawa ilinipeleka bafuni mbio. Niliporudi alikuwa ameshaifunga chupa na kuificha chini ya buibui lake. "Nshafanya makosa," alisema. "Mie yangu ilikuwa harufu ya samaki. Mume wangu kala kuku miezi minne kwa sababu yangu, maskini." Tangu siku hiyo hakuileta tena. Rehema ndogo kama hizo ndizo zitakazokuvusha, nawe uzihesabu.

Dripu ya nne iliangukia Ramadhani. Saa za hospitali zilipunguzwa, watu wakawa wanazungumza polepole. Bi Zuwena alikuwa amekatazwa kufunga, na jambo hilo lilimsumbua. Alikula tende moja, akaifunika midomo kwa mtandio kama mtu anayeiba.

"Nna ruhusa ya Mungu na ya daktari," alisema, "na moyo bado haukubali. Tena mwaka jana, khasa wakati nisiofunga, watu walikuwa wakinambia mashaallah, Bi Zuwena, unafunga sana."

"Ulikuwa hufungi?"

"Nfunge wapi. Nikila vijiko viwili, nshashiba. Tonge la tatu halina pa kwenda. Wanangu wakaona sili, wakadhani nafunga sunna, Jumatatu na Alkhamisi. Nkawaacha wadhani. Utasemaje mbele za watu kuwa hujala kitu na tumbo limejaa? Na tumbo lenyewe lishakuwa kama la mja mzito, nalikaza kanga lisionekane, huku uso umebaki mifupa."

"Ilikuwa nini, Bi Zuwena?"

"Si ndo hii ilonileta hapa. Mifuko ya mayai."

Nilimtazama nikaacha kumsikia. Niliona leso ya susu, ya manjano yenye mistari, aliyoifunga kiunoni juu ya gauni hata wakati wa kulala. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye. Nilikuwa nimewahi kuegemea lile tumbo, nikamwuliza kama ana mtoto, akacheka.

Nesi alikuja kuangalia kwa nini mapigo yangu yamepanda.

Nilimpigia mjomba papo hapo nilipotoka, nimesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa maegesho.

"Mjomba, nina swali moja tu. Tumbo la susu lilikuwa kubwa?"

"Mtu mwenye njaa huvimba tumbo. Hata watoto wa ukame huvimba."

"Ulipompa chakula alikuwa anakwambia nini?"

"Mwikali."

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Alikuwa anasema ameshiba."

"Huenda alikuwa ameshiba kweli, mjomba. Kuna ugonjwa wa hivyo. Leo nimeketi na mama mwenye ugonjwa huo, na watoto wake walidhani anafunga."

Kisha simu ikakatika, na nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Ilizimwa siku kumi na tano. Kama umewahi kumwambia mtu wa kwenu ukweli ambao hakuuomba, unajua nilivyolala siku hizo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na mtu wa kumlaumu, nami nilikuwa nimempokonya. Sasa angemlaumu nani, kama si yeye mwenyewe, aliyekuwa akiweka ile sahani na kuiondoa?

Dripu ya tano ilinitupa chini. Kucha zilikuwa nyeusi, nyayo zinawaka moto, na msimamizi wetu kiwandani alinihamisha kutoka kwenye pasi akanipa kiti cha kukunja taulo. Joto lilikuwa limeanza kuingia. Ukitoka nje saa nne asubuhi lami inakupumulia usoni. Simu ya mjomba ilianza kuita, lakini hakupokea. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

"Mtumie ujumbe," Atieno alisema.

"Nimetuma saba."

"Zote za kuuliza daftari?"

"Ndiyo."

"Basi wa nane usiulize kitu. Huyo ni mzee, ana aibu. Mwambie tu umekula nini."

Nikaandika: "Mjomba, leo nimekunywa uji nikautapika. Baadaye nikala ndizi, imekaa." Sikuweka neno lingine. Kesho yake nikaandika tena, wali na maziwa ya mgando. Na kesho yake. Hakujibu, lakini kila ujumbe nilikuta ameusoma.

Siku tatu kabla ya dripu ya sita, wakati wa chakula cha mchana kiwandani, simu ilitikisika mara tano mfululizo. Zilikuwa picha tano, zimepigwa mezani sebuleni kwake, na katika kila moja kidole chake kimeingia pembeni. Hakuandika chochote.

Ilikuwa hati ya susu, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali.

"Mwelu, mama yangu. Titi liliiva likapasuka. Alifungwa majani."

"Nduku, dada wa mama. Titi."

"Syokau, dada yangu. Tumbo la maji. Walisema ana mimba. Hakuwa na mimba."

Palikuwa na wengine wengi waliokufa kwa nyoka, kwa homa, kwa uzee. Kwenye picha ya mwisho, chini kabisa, mistari ilikuwa imelegea kama mkono ulikuwa dhaifu:

"Kalondu, ni mimi. Tumbo kama la Syokau. Nakula kidogo nashiba. Kioko anadhani nafunga. Acha adhani. Akijua atanipeleka Nairobi, na mke wake yuko karibu kujifungua, atabaki na nani."

Niliisoma nikiwa nimeketi juu ya rundo la taulo. Wenzangu waliniuliza kama nimepata habari mbaya. Ilikuwa habari mbaya, nami nilikuwa nimeitafuta wiki nane.

Jioni mjomba alipiga mwenyewe.

"Umeona ule ukurasa wa mwisho?"

"Nimeona."

"Nilikuwa sijawahi kulifungua. Tangu azikwe. Mtoto wetu aliyezaliwa wakati huo ni Ndinda."

"Najua, mjomba."

"Nilimwambia maneno makali, Mwikali. Nilimwambia Mungu wake anakula chakula chake."

Nilikaa naye kwenye simu. Hakukata mpaka salio lilipomwishia.

Daktari alinisikiliza nikimtafsiria jina baada ya jina, akiandika. Tulipofika kwa Syokau aliacha kuandika akaniangalia. "Huyu bibi yako alisomea wapi?"

"Darasa la pili. Aliacha."

"Amenipa historia nzuri kuliko wengi wanaonijazia fomu hizi," alisema, akaweka sahihi yake. Damu ikachukuliwa siku ile ile, na upasuaji ukasogezwa mbele kidogo kusubiri majibu.

Majibu yalikuja wakati tende mbichi zimeanza kuuzwa kando ya barabara. Imo. Ilikuwa katika damu ya Mwelu, ikaja kwa Syokau, kwa susu, kwa mama yangu ambaye gari lilimuwahi kabla ya ugonjwa, na kwangu.

Walitoa matiti yote mawili, na miezi michache baadaye, baada ya mionzi, mifuko ya mayai. Nataka kuwa mkweli kwako kuhusu hilo la pili. Upasuaji wa kwanza niliamka nikiwa na shukrani. Wa pili niliamka nikamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwapo, na nililia siku kadhaa. Bi Zuwena alikuja kunitazama akiwa na mkongojo. Alivuta kiti, akasema, "Lia, mwanangu, usijizuie. Wakikwambia shukuru uko hai, waambie nashukuru na nalia." Akakaa hadi muda wa wageni ukaisha. Kifua changu sasa kimelala kabisa, kina mistari miwili. Miezi ya kwanza nilioga bila kutazama. Siku hizi natazama. Mkono wa kushoto hufa ganzi nikiubebesha, kwa hiyo nimebaki kwenye kukunja taulo. Vipimo vya mwisho havikuonyesha kitu.

Lakini ugonjwa wa ukoo hauishii kwa mtu mmoja, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mjomba ana mabinti wawili, Ndinda na Mumbua. Mwanamume hupitisha ugonjwa huu kwa watoto wake hata kama yeye haugui. Nilipomweleza hivyo, alirudi kuwa yule wa zamani.

"Wanangu ni wazima. Unataka niwapeleke wakaambiwe watakufa?"

"Nataka waambiwe mapema, mjomba. Mimi niliambiwa nimechelewa kidogo. Susu hakuambiwa kabisa."

"Ndinda anaolewa Desemba. Watu wakisikia?"

"Ndinda mwenyewe anasemaje?"

"Ndinda anasema atakwenda, nipende nisipende. Ana kichwa kama cha susu yake."

Nikamwacha. Niliendelea kumtumia ujumbe wa chakula, mkate, kunde, chapati mbili, na yeye akaanza kunijibu kwa chakula chake. Miezi miwili tuliishi hivyo. Sikumsukuma tena, ingawa kila siku niliamka nikijiuliza kama nafanya makosa.

Kisha Alhamisi moja, saa tatu asubuhi kwa saa za huku, simu iliita nikiwa kazini. Nilimwomba jirani yangu anishikie taulo.

"Mwikali. Niko hospitali, Nairobi. Niko na Ndinda na Mumbua. Wameitwa ndani wote wawili."

"Mmefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Mlango ulikuwa bado umefungwa." Alikuwa ananong'ona. "Hakuna mtu ananiambia kitu hapa. Huko ndani wanafanywa nini?"

Nikajibanza nyuma ya mikokoteni ya mashuka, mahali ambapo kelele za mashine hupungua kidogo, nikamweleza hatua moja moja.

"Kwanza wameketishwa. Anayezungumza nao anawauliza nani aliugua, upande gani, akiwa na umri gani. Ndinda ana zile picha kwenye simu?"

"Anazo."

"Basi anazisoma sasa. Wakimaliza watafungwa mpira mkononi, hapa juu ya kiwiko. Sindano moja. Chupa moja ya damu, labda mbili. Haiumi kuliko mwiba."

"Na wataambiwa leo?"

"Leo hawaambiwi kitu, mjomba. Itachukua wiki kadhaa. Leo ni damu tu."

Nilisikia jina la mtu mwingine likiitwa, na kiti kikiburutwa.

"Na yangu wataitaka?"

"Huenda wakaiomba pia. Kama imefika kwao, imepitia kwako."

"Ilitoka kwa mama, ikapita kwangu," alisema polepole, kama anayejifunza njia ya mahali asipopajua. "Wakitoka niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Waulize kama mkono unauma."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na ukae hapo wanapokuona."

"Nimekaa mbele ya mlango kabisa. Yule askari ameniambia nisogee mara mbili, nimekataa. Ngoja. Wanatoka."

Hakukata simu. Nadhani alisahau kwamba anayo mkononi, kwa sababu nilisikia nguo ikisugua kipaza sauti, na viatu, na sauti yake ikiwa mbali, kavu, ya mtu asiyezoea kuuliza maswali ya aina hiyo.

"Mkono unauma?"

"Kidogo, baba," Ndinda alisema.

"Leta nikushikie hiyo pamba."